Uingereza: Sarafu ina bei, udongo wake hauna

Januari 2022, katika mnada mmoja jijini London, sarafu moja ya dhahabu ya Mfalme Henry wa Tatu ilinunuliwa kwa pauni 648,000, ada za mnada zikiwemo. Ilikuwa imeokotwa mwaka uliotangulia na mtu mwenye detekta ya kutafutia metali kwenye shamba moja la Devon. Serikali haikuwa na la kudai. Kwa sheria ya England na Wales, sarafu ya kale iliyo peke yake si hazina. Zingekuwa mbili pamoja, hadithi ingekuwa nyingine.

Huku kwetu detekta ni chombo cha mchimbaji mdogo wa dhahabu, na cha wale wasiokata tamaa ya kuipata mali inayosemekana ilifukiwa na Mjerumani. Kule ni burudani ya wikiendi. Ina maduka yake, majarida yake, na tangu 2014 hata tamthilia ya BBC iliyochekesha watu wengi, Detectorists. Mashine ya mwanafunzi si ghali. Ya fundi hupita pauni 1,000. Asiyetaka kubembeleza mwenye shamba hulipa kiingilio kwenye mikusanyiko ambako mamia ya watu huzunguka konde moja, visikizio masikioni. Mkulima aliyezoea kuuza ngano sasa anauza pia siku ya kutembea juu ya mabua yake.

Juu ya yote hayo imekaa Sheria ya Hazina ya 1996. Anayepata hazina hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 14 kwa ofisa yule yule anayechunguza vifo vyenye utata, urithi wa mambo ya kifalme ya kale. Makumbusho ikiitaka, kamati hukadiria bei ya soko, na malipo kwa kawaida hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mwokotaji na mwenye ardhi. Kilo nne hivi za dhahabu zilizopatikana Staffordshire mwaka 2009 zililipiwa pauni milioni 3.285. Mwaka 2024 sarafu 2,584 za Chew Valley, zilizofukuliwa na watu saba, zikafika milioni 4.3. Makumbusho hazina fedha za namna hiyo zimekaa tu. Huchangisha umma na kuomba mifuko ya urithi.

Mwanaakiolojia naye hapati senti ya zawadi hiyo. Akifukua hazina akiwa kazini, sheria inamhesabu kuwa ameshalipwa mshahara. Lakini kinachomuuma zaidi ni kwamba mali anayoitafuta haimo kwenye orodha ya bei: kitu kilikaa kina gani, kando ya nini, ndani ya nini. Mwaka 1992 huko Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea. Alipoanza kuona dhahabu na fedha akaacha kuchimba, akaita wataalamu. Kwa hiyo tunajua kwamba sarafu karibu 15,000 za Kirumi zilifukiwa ndani ya sanduku la mbao, na vijisanduku vidogo vyenye vikufuli vya fedha ndani yake. Angezizoa kwa koleo, thamani ya mnadani isingepungua sana. Habari ya sanduku ndiyo ingetoweka.

Watu wa detekta wana jibu, nalo si dogo. Plau hupita kila mwaka, huvunja na kutawanya, na hakuna mwanaakiolojia atakayekuja kwenye konde hilo maishani mwake. Mwaka 1980 wanaakiolojia walifanya kampeni ya kuwapinga hadharani, wakaambulia uhasama. Kilichosaidia ni mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa, ulioanza kwa majaribio 1997 na ambao sasa unaendeshwa na British Museum. Leo orodha yake imepita vitu milioni 1.5, vingi vikiwa vimeletwa na hao hao wenye detekta. Maofisa wanaovipokea ni kama 40 kwa England na Wales nzima.

Pengo jingine la Sheria ya Hazina lilionekana mwaka 2010. Kofia ya shaba nyeusi ya mpandafarasi wa Kirumi, iliyopatikana Crosby Garrett, haikuwa dhahabu wala fedha, hivyo haikuwa hazina. Ikaenda mnadani Christie's, ikauzwa kwa takriban pauni milioni 2.3, na makumbusho ya Carlisle ikashindwa. Sheria iliongezwa kipengele cha umuhimu wa kihistoria mwaka 2023, miaka 13 baadaye.

Kwa maoni yangu, kuwahubiria adabu wenye detekta ni kupoteza muda. Kamati tayari inaruhusiwa kumkata zawadi aliyekosea. Basi na imwongezee yule aliyeacha koleo na kupiga simu.

Zawadi kubwa pekee haimzuii kila mtu. Mwaka 2015, karibu na Leominster, wanaume wawili walifukua hazina ya zama za Waviking, wakaificha na kuanza kuiuza kimyakimya, ilhali wangefuata sheria wangegawana mamilioni na mwenye ardhi. Mwaka 2019 walihukumiwa kifungo cha miaka 10 na miaka 8 na nusu, kilichopunguzwa baadaye kwa rufaa. Ilikadiriwa kwamba sarafu zilikuwa kama 300. Wakati wa hukumu zilizokuwa zimepatikana ni 30 na kidogo.