Hima ya Watoto wa Mjini



Kila mwanafunzi aliyehifadhi Juzuu Amma anaijua Suratul Ghaashiya. Ndani yake tunahimizwa kumtazama ngamia alivyoumbwa, mbingu ilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Tulipoisoma na darasa la wadogo, tuliwauliza wameyaona yapi katika hayo manne. Maziwa ya ngamia wanayajua, kwa kuwa hapa Eastleigh yanauzwa kila mahali. Lakini mbingu yao ni ule ukanda mwembamba baina ya gorofa na gorofa, na ardhi yao ni saruji na lami. Wameihifadhi sura, ila nafasi ya kutazama hawajaipata.

Je, Nairobi haina miti?

Inayo, tena mingi. Msitu wa Karura peke yake una zaidi ya hekta 1,000, na umehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1932. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake wakasimama kuutetea, na Januari 1999 alipigwa na kujeruhiwa alipokwenda kupanda miti huko. Msitu ukanusurika. Baada ya kuzungushiwa ua, ulifunguliwa kwa wananchi mwaka 2011, na leo watu hutembea ndani yake bila ile hofu ya zamani ya majambazi.

Lakini tujiulize: jirani wa msitu huo ni nani? Ni mitaa ya Muthaiga, Runda na Gigiri, ambako nyumba nyingi zina bustani zake. Mtoto wa Mathare au Eastleigh anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, kiingilio cha mlangoni, na mtu mzima mwenye siku ya mapumziko. Kwa familia ya watoto watano, hesabu hiyo hula pesa ya chakula. Basi aliye na miti kwake ndiye anayeifikia mingine kwa urahisi, na asiye na hata mti mmoja anabaki nje.

Somo la hima

Jambo hili Waislamu wa mwanzo walilifikiria. Mtume (s.a.w.) alitenga malisho ya Naqi', karibu na Madina, yawe hima, yaani ardhi iliyohifadhiwa kwa manufaa ya umma. Sayyidna Umar (r.a.) alipomweka mtumishi wake Hunayy kusimamia hima, alimwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya matajiri. Akawataja matajiri wenyewe: Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan, masahaba wakubwa. Sababu aliieleza. Mifugo ya hao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake kuomba msaada.

Hapa tunajifunza kuwa kuhifadhi ardhi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuangalia nani anapita mlangoni, na kumtanguliza asiye na pengine pa kwenda.

Faida yake si mchezo tu

Wanafunzi wetu husoma shule asubuhi na madrasa jioni, macho yakiwa karibu na kitabu au simu. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa mji wa Guangzhou, China, katika shule 12 za msingi. Watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo waliongezewa dakika 40 za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, takriban asilimia 30 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, na wale wasioongezewa walikaribia asilimia 40. Wataalamu wanaona kuwa mwanga wa mchana ndio unaosaidia.

Tufanye nini?

Kwanza, tuanze na palipo karibu. City Park ya Parklands ina miti mikubwa na kima wa kutazama, na si mbali nasi.

Pili, safari ya madrasa iwe na mfuko mmoja. Kila mzazi atoe kwa siri kadiri ya uwezo wake, na asiye nacho mtoto wake apande basi bila kutajwa.

Tatu, wasichana wapate zamu sawa na kaka zao, wasibakishwe jikoni. Mwenye ulemavu achaguliwe njia anayoiweza, asiambiwe abaki.

Nne, wazazi tuhudhurie vikao vya kaunti vinapoitishwa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Tuombe viingilio vipunguzwe kwa watoto wa madrasa na shule za mitaa yetu, na viwanja vilivyobaki visijengwe.

Na wewe mwanafunzi, siku utakayofika chini ya miti hiyo, isome Suratul Ghaashiya polepole, kisha uinue macho.

Wabillahi tawfiq.