Kabla ya Kupanda Mkoko

Bahari ikianza kula ufuo, wazo la kwanza la wengi ni kupanda mikoko. Nia ni njema, lakini miche mingi hufa kwa kupandwa pasipo pake. Mikoko ni ya aina nyingi, na kila aina ina mahali pake. Mlilana ndio hukaa mbele kabisa, ukikabili mawimbi. Mkoko wenyewe, aina yenye jina hilohilo, hufuata, kwenye tope laini, na mkandaa huwa nyuma zaidi, ambako maji hayafiki kila siku. Mchu ndio mbishi: utaukuta mbele na utaukuta nyuma. Mche wa mkoko ukipandwa kwenye mstari wa mlilana, wimbi huung'oa kabla haujashika.

Ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, inaonyesha kinachofuata miti ikiondoka. Miaka ya 1970 mikoko ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani. Mizizi iliyobaki ikaoza, tope likakosa cha kulishikilia, likashuka na kusombwa. Hapo mchanga hupata njia ya kuingia ndani. Mizizi ya mchu inayopumua husimama wima juu ya tope kama penseli; mchanga ukiifukia, mti ambao hata haukuguswa na shoka hufa kwa kukosa hewa.

Tangu 2013, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Huuza hati za kaboni, zinazolipia hewa ya ukaa ambayo msitu unaizuia isiingie angani, takriban tani 3,000 kwa mwaka, na fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Wanavijiji wa Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakafuata njia hiyo. Kaboni nyingi imo topeni, si kwenye shina, kwa hiyo kuulinda msitu uliosimama kuna faida zaidi kuliko kupanda mpya. Kinachonivutia mimi zaidi, ingawa hakipigwi picha sana, ni mivinje wanayopanda nchi kavu. Mtu anayetaka boriti ya nyumba hatashibishwa na hotuba; lazima apate mti mwingine wa kukata.

Basi kikundi chenu kikipewa miche, ulizeni kwanza wavuvi wazee ni mti gani ulikuwa hapo. Tazameni maji ya bamvua yanafika wapi. Tope likiwapo na miti mizazi ikiwa karibu, zibueni mkondo ulioziba na mzuie ukataji. Mbegu za mkoko huchipua zikiwa bado mtini, na maji yatazileta yenyewe.