Mwalimu wa lugha hufunzwa, hazaliwi

Jumamosi iliyopita nilikutana na mwanafunzi wangu wa zamani pale Dunga, mahali ambapo wakazi wa Kisumu huenda kula samaki huku wakilitazama ziwa. Ngege tuliyeagiza alikuwa bado motoni mwenzangu alipotoa simu akanionyesha tangazo. Picha ilikuwa ya ufuo wenye minazi nchini Thailand. Chini yake palikuwa na ahadi: soma kozi ya saa 120 ya kuwafundisha wageni Kiingereza, kisha ukafanye kazi mahali ambapo bahari iko mlangoni.

“Mwalimu, si uniambie ukweli tu,” alisema. “Nilipe hii pesa ama niachane nayo?”

Binti huyu ana shahada ya ualimu, Kiingereza na Fasihi. Amesajiliwa na TSC. Kwa miaka minne amekuwa akihama shule moja hadi nyingine kwa mikataba ya muhula mmoja mmoja. Pesa za kozi zingetoka katika akiba yake, na pengo lingezibwa na mkopo wa chama cha mamake. Kwa hivyo swali lake halikuwa la kinadharia hata kidogo. Akikosea, deni litabishiwa hodi nyumbani kwao.

Siku ile nilimpa jibu la juujuu. Jibu kamili nalitoa leo hapa, kwa kuwa najua wako wengine wengi, kutoka Kondele hadi Homa Bay, wanaotazama tangazo kama lile.

Tuanze na kozi yenyewe. Wataalamu hutofautisha kufundisha lugha ya pili na kufundisha lugha ya kigeni. Kiingereza ni lugha ya pili kwetu: mtoto wa Kisumu hakukisikia kwa nyanyake, lakini kuanzia darasa la nne anafundishwa Hisabati na Sayansi kwa lugha hiyo, na anakikuta kwenye redio, mahakamani na katika mabango ya barabarani. Kwa mtoto wa kijiji cha Thailand, Kiingereza ni lugha ya kigeni. Kengele ikilia na kipindi kikiisha, lugha nayo imekwisha mpaka kipindi kijacho. Mwalimu wa darasa la namna hii hana budi kulifanya somo lake liwe ndiyo mazingira yote ya lugha.

Kozi fupi za kazi hii hazikuanza jana. John na Brita Haycraft, ambao walikuwa wamefungua shule ya Kiingereza mjini Córdoba, Uhispania, mwaka wa 1953, ndio walioanzisha kozi fupi ya kuwaandaa walimu jijini London mwaka wa 1962. Kutokana na mbegu hiyo tulipata cheti kinachojulikana leo kama CELTA. Kozi yake huchukua angalau saa 120, na katika hizo mwanafunzi husimama mbele ya wanafunzi halisi kwa saa 6 huku mkufunzi ameketi nyuma ya darasa akiandika makosa yake. Hufunzwa kuzungumza kidogo ili wanafunzi wazungumze zaidi, kuwaweka wawiliwawili, kuonyesha maana kwa kitendo au picha badala ya tafsiri, na kuuliza swali linalobaini kama wameelewa. Swali la “Mmeelewa?” halibaini chochote, maana darasa lote litaitikia “Ndiyooo!” na kila mtu alale salama.

Haya ni mambo mazuri, na sitaki kuyabeza. Mwalimu wetu wa shule ya upili hutumia muda mwingi kwa insha, sarufi ya mtihani na vitabu teule. Ni nadra kukutana na mtu mzima asiyejua kusema jina lake kwa Kiingereza. Kozi nzuri ingempa binti huyu kitu ambacho shahada yake haikumpa. Lakini tukumbuke pia kwamba mwalimu wa shahada nchini Kenya hupelekwa shuleni muhula mzima kwa mazoezi ya kufundisha. Ukilinganisha muhula huo na saa 6, utaona kwamba aliyeketi nami Dunga hakuwa mtu wa kuanzia sufuri.

Basi tatizo liko wapi? Liko kwenye mlango ambao tangazo halikuutaja.

Katika soko hili, walimu hugawanywa mafungu mawili: wazawa wa Kiingereza na wasio wazawa. Mzawa wa lugha, kwa maana ya kiisimu, ni mtu aliyeipata lugha hiyo utotoni, nyumbani, kabla ya kwenda shule. Waajiri na idara za uhamiaji hawana njia ya kuupima utoto wa mtu, kwa hivyo hutazama pasipoti. Chukua Korea Kusini. Viza yake ya walimu wa lugha za kigeni, kwa upande wa Kiingereza, imetengewa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Nchini Thailand mlango haujafungwa kabisa, lakini mwalimu asiye wa nchi hizo kwa kawaida huombwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama TOEIC au IELTS, na mara nyingi mshahara wake huwa mdogo kuliko wa mwenzake anayefundisha chumba cha pili.

Hebu tuitazame Afrika Kusini katika orodha ile. Sensa ya mwaka wa 2011 ilionyesha kuwa takriban asilimia 9.6 tu ya wakazi wake ndio waliokuwa na Kiingereza kama lugha ya kwanza. Wengi walilelewa kwa Kizulu, Kixhosa, Kiafrikaans na lugha nyinginezo. Ni watu kama sisi, waliokipata Kiingereza shuleni. Simwonei mtu wivu. Nasema tu kwamba kinachopimwa mlangoni ni uraia, kisha kinaitwa lugha.

Imani hii kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni mzawa ina historia, na sehemu ya historia hiyo iko ng'ambo ya ziwa letu hili. Mnamo Januari 1961, nchi za Jumuiya ya Madola zilifanya mkutano wa ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili katika Chuo cha Makerere, Kampala. Miongo mitatu baadaye, mwaka wa 1992, msomi Robert Phillipson alichapisha kitabu kuhusu ubeberu wa lugha, akadai kuwa mkutano ule ulizipa nguvu imani tano ambazo hazikuwa na uthibitisho wa kutosha. Mojawapo ni hii ya mzawa kuwa mwalimu bora. Nyingine ni kwamba Kiingereza hufunzwa vizuri kwa Kiingereza pekee. Wale waliowahi kuvishwa kidude shingoni kwa kosa la kusema Dholuo uwanjani wanajua imani hiyo ilitufikia kwa umbo gani.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba mwaka huohuo wa 1961, palepale Makerere, kulikuwa na tukio lililoipinga imani hiyo kwa vitendo. Mpango ulioitwa Teachers for East Africa ulianza kuwaleta vijana kutoka Marekani, na pia Uingereza, waje kufundisha katika shule za sekondari za Kenya, Uganda na Tanganyika. Uteuzi wa Wamarekani ulisimamiwa na Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wamarekani hawa walikuwa wazawa wa Kiingereza, na wana digrii. Hata hivyo, wale ambao hawakuwa wamesomea ualimu hawakutupwa darasani hivihivi. Waliketishwa Makerere wakasomea diploma ya elimu kwanza. Waliopanga mpango ule walijua kuwa kuongea lugha ni jambo moja na kuifundisha ni jambo jingine.

Kwa nini iwe hivyo? Jaribu hili na lugha yetu wenyewe. Muulize mzawa wa Kiswahili, mtu wa Lamu au Unguja, kwa nini anasema “ng'ombe wangu” lakini hasemi “rafiki wangu”. Uwezekano mkubwa atakujibu, “Ndivyo tusemavyo.” Na kweli ndivyo. Lakini mwanafunzi hatosheki na jibu hilo. Anahitaji mtu wa kumwambia kwamba nomino za ngeli ya I-ZI zinazotaja viumbe huchukua upatanisho wa A-WA, yaani ng'ombe huyu, rafiki huyu. Ila zile zinazotaja jamaa na wandani hubakia na vimilikishi vya I-ZI: rafiki yangu, baba yangu, dada zangu. Aliyejifunza lugha darasani aliwahi kukwama hapo, akatafuta njia ya kutoka. Anakumbuka shimo liko wapi.

Péter Medgyes, msomi wa Hungary ambaye mwenyewe hakuzaliwa na Kiingereza, aliandika kitabu kizima mwaka wa 1994 kumhusu mwalimu asiye mzawa. Hadai kwamba mzawa hafai. Anakubali kwamba mzawa ana hisia ya lugha na wingi wa misemo ambao ni vigumu kuufikia. Anachosema ni kwamba asiye mzawa ana hazina nyingine: ni kielelezo cha mtu aliyefaulu kujifunza, na hubashiri ugumu kabla haujafika.

Tulete hoja hiyo Nyanza. Dholuo haina sauti “sh” wala “z”. Ndiyo maana “shindano” hugeuka “sindano” midomoni mwa wengi wetu, watu wakacheka mpaka wakatokwa na machozi. Mwanafunzi wangu alipitia hapo. Ilibidi afunzwe kurudisha ulimi nyuma kidogo, aviringe midomo, asikilize, ajaribu tena. Sasa Kithai nacho hakina “sh” wala “z”. Wanafunzi wengi wa Thailand huweka “ch” mahali pa “sh”, na “s” mahali pa “z”. Tena Kithai ni lugha ya toni, kama ilivyo Dholuo, ilhali Kiingereza hutegemea mkazo wa silabi. Je, nani atamwelewa mtoto huyo haraka zaidi: kijana ambaye “sh” ilimjia akiwa matitini, au mwalimu wa Kisumu aliyeitafuta kwa kioo na jasho?

Nilipofika hapa katika mawazo yangu, dhamiri ilinisuta. Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya kumtafuta mwalimu wa Kiswahili wa shule moja ambayo sitaitaja. Barua ya mmoja wa waombaji ilikuwa nzuri kuliko zote. Mwenzetu akasoma jina, akatabasamu. “Huyu jina linaanza na O. Kiswahili atakitoa wapi?” Watu walicheka. Mimi nilinyamaza. Barua ikawekwa chini ya nyingine.

Ulikuwa mlango uleule wa uhamiaji, ila safari hii mabawabu tulikuwa sisi. Tunasahau kwamba Kithaka wa Mberia, Kyallo Wadi Wamitila na marehemu Ken Walibora, watu ambao vitabu vyao vimewafunza Wakenya Kiswahili, hawakuzaliwa katika upwa wa Waswahili. Walijifunza, wakabobea. Kiswahili kinapoendelea kuhitaji walimu katika nchi za kigeni, tukisema kila mwalimu lazima atoke Mvita au Unguja, tutakuwa tumejifungia mlango kwa mikono yetu.

Sasa nimjibu binti yangu. Kabla hujalipa, uliza mambo matatu. Kwanza, katika hizo saa 120, ni saa ngapi utasimama mbele ya wanafunzi halisi, na nani atakutazama? Kama ni sifuri, unanunua karatasi, na muhula wako wa mazoezi umeishinda. Pili, nchi unayoitaka inampa viza ya kazi Mkenya wa kufundisha Kiingereza, na kwa masharti gani? Swali hilo peleka ubalozini, usimpelekee anayeuza kozi. Yeye hatoi viza. Tatu, mwajiri atakuandikia mkataba na kukushughulikia kibali cha kazi kabla hujasafiri? Anayekwambia uende kwanza kwa viza ya utalii, mwambie hapana. Majibu matatu yakiwa mazuri, lipa bila woga. Lolote moja likikosekana, mkopo wa mama usiuguse.

Na katika barua ya kuomba kazi, usiombe radhi kwa kutokuwa mzawa. Sema wazi kwamba Kiingereza ulikisomea, na kwamba unajua kinavyosomwa.

Juzi alinipigia simu. Kozi ya tangazo lile, baada ya maswali, haikuwa na hata saa moja ya darasani. Ameiacha, na anatafuta nyingine yenye mazoezi. Nami wiki ijayo nina kikao kingine cha kuajiri. Safari hii sitanyamaza.