Amplifaya Inayoafikiana na Spika Zako (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi spika inavyogeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa. Leo tuitazame mashine inayoipa umeme huo. Mnunuzi akifika dukani swali lake huwa moja: amplifaya hii ina wati ngapi? Mimi namshauri kwanza arudi nyumbani akasome kibandiko kilicho nyuma ya spika zake, maana yako mambo mawili yanayotangulia wati.

La kwanza ni wepesi wa spika kuitika. Hupimwa hivi: spika inapewa wati 1, kipimo kinawekwa umbali wa mita 1, kisha zinasomwa desibeli. LS3/5A, spika ndogo ambayo wahandisi wa BBC waliibuni miaka ya 1970 kwa ajili ya kukagua sauti ndani ya magari ya matangazo, hutoa takriban desibeli 83. Klipschorn, kabati kubwa la kona lililobuniwa na Mmarekani Paul Klipsch miaka ya 1940, hufika kama 105. Sasa, kila desibeli 3 unazoongeza zinadai wati maradufu, na desibeli 10, ambazo sikio huzihesabu kuwa sauti mara mbili tu, zinadai wati mara kumi. Piga hesabu: sauti ambayo Klipschorn inaitoa kwa wati 1, LS3/5A ingeidai zaidi ya wati 150, na ingeungua kabla ya kuifikia. Ndiyo sababu wenye Klipschorn huridhika na amplifaya za valvu zenye wati chache mno.

La pili ni ukinzani, unaoandikwa kwa omu: 8, 6 au 4. Namba hiyo ni ya makadirio. Ukinzani hupanda na kushuka kufuatana na noti inayopigwa, na spika ya omu 8 yaweza kushuka hadi 4 au chini yake besi inapoingia. Hapo amplifaya inatakiwa kutoa mkondo mwingi zaidi, na yenye transfoma dhaifu huishiwa nguvu. NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978, iliandikwa wati 20 tu kwa kila upande, lakini iliweza kutoa mkondo mkubwa kwa kitambo kifupi muziki unapopanda, ikajijengea heshima kwa kumudu spika ngumu.

Kuhusu wati zenyewe, ziamini zile za RMS. PMPO inayochapwa kwa herufi kubwa kwenye maboksi ya sabufa haina kipimo kinachokubalika popote. Geuza mashine usome inakula umeme kiasi gani ukutani. Inayokula wati 60 haiwezi kuendelea kutoa wati 1,000, hata boksi liseme nini.

Wengi huogopa kwamba amplifaya kubwa itaunguza spika. Inawezekana, lakini ndogo iliyokamuliwa kupita uwezo wake nayo ni hatari, tena kwa twita hasa. Ikizidiwa, hukata ncha za mawimbi ya sauti, na mawimbi yaliyokatwa huzaa nguvu nyingi ya ziada katika sauti nyembamba. Nguvu hiyo yote huishia kwenye twita, ambayo koili yake ni waya mwembamba kama unywele. Kwa sebule ya kawaida yenye spika za desibeli 87 au 88, ningechagua wati 50 za kweli kuliko 15 zinazokoroma. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza papo hapo.

Jambo la mwisho ni la siku za sherehe, watu wanapochomeka jozi ya pili ya spika kwenye matundu yale yale. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Mbili za omu 4 huwa 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hazivumilii hapo. Kiwango cha chini kimeandikwa kando ya matundu ya waya. Kisome kabla wageni hawajafika.