Derrick alituacha njia panda

Siku za mwizi ni arobaini, walisema wahenga. Katika tamthilia ya Kijerumani iliyoitwa Derrick, siku hizo hazikuzidi dakika sitini. Kila wiki mtu aliuawa mjini Munich, inspekta akaja na koti lake na macho yake mazito kama ya mtu asiyelala, akauliza maswali yake kwa upole, na kabla ya muda kwisha muuaji alikuwa ameinamisha kichwa na kukiri. Sisi tuliokuwa tukitazama hapa Nairobi kupitia televisheni ya taifa tulikwenda kulala tukiwa tumeridhika, ijapokuwa tulijua fika kwamba nje ya dirisha mambo hayakuwa hivyo.

Majuzi nilipata fursa ya kukitazama kipindi cha mwisho kabisa cha tamthilia hiyo, ambacho sikuwa nimekiona hapo awali. Nilikuwa nimelala kwa dada yangu Kangemi, kwa kuwa asubuhi yake nilitakiwa kumsindikiza mwanawe mjini kutafuta pasipoti. Kijana huyo alikuwa amenisikia mara nyingi nikimsifu Derrick. Basi akakitafuta kipindi chenyewe katika intaneti, akakipata kwa Kijerumani, maneno ya Kiingereza yakipita chini ya picha. Tukaketi mbele ya kompyuta yake, mimi na yeye, kikombe cha chai mkononi. Naungama, msomaji mpenzi, kwamba nilichokiona kilinivunja moyo, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kwa nini.

Kwanza niseme tulivyompenda. Mtaani Kangemi, mwishoni mwa miaka ya themanini, ploti yetu nzima ilikuwa na televisheni moja tu, ya nyeusi na nyeupe, iliyotumia betri ya gari. Ilikuwa ya mwenye nyumba. Usiku wa Derrick watoto waliketi sakafuni, wazee vitini, nasi vijana tulisimama mlangoni tukichungulia juu ya vichwa vya watu. Wajerumani wale walizungumza Kiingereza kilichopachikwa juu ya midomo yao, hivi kwamba mdomo ulifunga na sauti ikaendelea. Hakuna aliyejali. Tulichokuwa tukikifuata ni yule inspekta. Hakurusha gari angani kama wapelelezi wa Marekani, na bastola yake aliitoa kwa nadra. Alifika kwenye nyumba ya mshukiwa, akasimama mlangoni, akapiga hodi. Nakumbuka mzee mmoja aligeuka na kutuuliza, "Jameni, huyu ni polisi wa nchi gani, anayepiga hodi?" Chumba kizima kiliangua kicheko. Kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu ndani yake, maana hakuna mtu ploti ile ambaye mlango wake haukuwahi kupigwa teke alfajiri, watu wakitafutwa vitambulisho au chang'aa.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Ujerumani Magharibi mnamo Oktoba 1974, ikakoma tarehe 16 Oktoba 1998 baada ya vipindi 281. Vyote viliandikwa na mtu mmoja, Herbert Reinecker. Horst Tappert alikuwa Derrick na Fritz Wepper alikuwa msaidizi wake, Harry Klein, tangu mwanzo hadi mwisho. Iliuzwa kwa zaidi ya nchi mia moja. Siri ya mafanikio yake, kwa maoni yangu, ni kuwa Derrick hakushughulika sana na nani aliyeua. Mara nyingi mtazamaji alikwisha kumjua muuaji mapema. Alichotaka kujua inspekta ni kwa nini, na alingoja jibu kwa subira hadi dhamiri ya mhalifu yenyewe ikafanya kazi iliyobaki.

Sasa tukirudi kwenye kipindi cha mwisho. Nilikitazamia kiwe hesabu ya miaka 24. Nilidhani mpelelezi aliyewauliza watu wengi kiasi hicho ataulizwa naye, japo swali moja. Loo! Derrick anapandishwa cheo. Anapewa kazi katika Europol, lile shirika la polisi la Ulaya, anaagana na wenzake, na maisha yanaendelea. Yale maneno ya busara yaliyokuwa yakimtoka mara mojamoja zamani yamekuwa hotuba. Waandishi huwa hivyo wakizeeka pamoja na wahusika wao: wanampenda mno shujaa kiasi cha kutotaka kumgusa. Picha ilipofika mwisho, mpwa wangu alinitazama, akatazama tena kompyuta, akasema, "Mjomba, kwani imeisha? Yaani wamemhamisha tu?"

Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma. Wamemhamisha tu! Ni Mkenya gani asiyeujua mwisho wa namna hiyo? Mwezi wa Machi 1975, mheshimiwa J. M. Kariuki alionekana kwa mara ya mwisho akitoka katika hoteli ya Hilton, katikati ya jiji. Maiti yake ilipatikana upande wa Ngong. Bunge liliunda kamati chini ya Elijah Mwangale, kamati ikaandika ripoti na kutaja majina, na hakuna hata mtu mmoja aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Hoteli ya Hilton yenyewe imekwisha kufunga milango yake, mwishoni mwa 2022, na swali bado limesimama pale kando ya barabara. Mwaka 1990 aliuawa waziri Robert Ouko. Aliletwa mpelelezi kutoka Scotland Yard, ikaundwa tume chini ya Jaji Evans Gicheru, na mnamo Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza kazi. Sisi tumezoea visa visivyo na kipindi cha mwisho. Ndiyo maana tulimpenda Derrick: kwake yeye, kila jambo lililoanza lilimalizika.

Huenda msomaji akaniambia kwamba ninadai makubwa. Ilikuwa ni tamthilia ya kuburudisha, naye shujaa aliyewafurahisha watu kwa robo karne alistahili kuondoka salama. Nakubali. Sikutaka apigwe risasi, wala sikutaka aanguke kwa fedheha. Nilitaka jambo moja tu. Tulimwona Derrick kwa miaka 24 bila kuambiwa mengi juu ya nafsi yake. Mke hatukumwona, watoto hatukuwaona, ujana wake hatukuujua. Huyu ni mtu mzima wa Ujerumani, wa makamo ya yule aliyemwigiza, na Tappert alizaliwa mwaka 1923. Mjerumani wa umri huo ana swali moja linalomngoja mlangoni: ulikuwa wapi wakati wa vita? Vipindi 281 vya kuuliza maswali, na swali hilo halikumfikia mwenye kuuliza.

Lilimfikia baadaye, alipokuwa amekwisha kuzikwa. Tappert alifariki Desemba 2008, akiwa na umri wa miaka 85. Mnamo Aprili 2013, mtafiti mmoja aliyekuwa akichunguza habari za mtu mwingine kabisa alikuta jina lake katika kumbukumbu za jeshi. Kijana Tappert alikuwa askari wa Waffen-SS, katika kikosi cha Totenkopf, kilichopigana upande wa mashariki na ambacho mwanzoni kiliundwa kwa walinzi wa kambi za mateso. Uhai wake wote hakuwa amelisema hilo hadharani. Stesheni ya ZDF, iliyomlea Derrick, ikatangaza kuwa haitavirudia tena vipindi vyake. Hata Reinecker, mwandishi, alikuwa amepitia huko huko: enzi za Hitler aliandikia magazeti ya vijana ya chama na kuwa mwandishi wa vita wa SS.

Haki na itendeke hapa pia. Kuwamo kikosini si ushahidi wa kosa fulani ambalo mtu alilitenda kwa mkono wake, na kijana wa miaka 20 katika utawala ule hakuwa na njia nyingi. Mimi simhukumu marehemu. Ninachosema ni kwamba kipindi cha mwisho kiliwapa watu wawili hao, mwandishi na mwigizaji, nafasi ambayo binadamu wengi hawaipati. Walikuwa wazee, walikuwa wapendwa, na dunia nzima ilikuwa tayari kuwasikiliza. Wangeweza kumkalisha Derrick katika kile kiti cha mshukiwa, amri moja tu ikatoka kwa Harry Klein: sasa tueleze habari zako, mkuu. Badala yake wakampa cheo. Tamthilia iliyotufundisha thamani ya swali ilikataa kuulizwa swali lake yenyewe. Hapo ndipo kipindi kilipoanguka, na kuanguka huko hakukutokana na uchache wa risasi.

Asubuhi yake mimi na mpwa wangu tulipanda matatu, tukapita Westlands, tukashuka karibu na Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Foleni ya pasipoti ilikuwa ndefu. Vijana walikuwa wameshika bahasha zao, wakizungumza juu ya Qatar na Saudia, na wachuuzi wa kalamu wakipita kati yao. Mpwa wangu alikuwa bado akinitania juu ya inspekta wangu, akiniuliza kama ni kweli enzi zetu polisi wa kwenye televisheni walikuwa wapole kiasi kile. Nikamwambia ni kweli. Kisha nikamwonyesha ardhi tuliyosimama juu yake.

Nilimweleza kwamba chini ya jumba hilo kuna vyumba visivyo na dirisha. Kuanzia mwaka 1986, watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, wengi wao wakiwa wahadhiri, wanafunzi na wanahabari, waliletwa hapo wakiwa wamefungwa macho. Walipigwa, wakanyimwa chakula, wakafungiwa katika vyumba vilivyomwagwa maji wakae humo siku baada ya siku. Walipochoka walipelekwa mahakamani, mara nyingi saa ambazo ofisi zimefungwa, nao wakakiri. Naam, wakakiri, kama washukiwa wa Derrick! Tofauti ni kwamba kule Munich ya kuigizwa ungamo lililetwa na swali, na hapa Nairobi ya kweli lililetwa na maji. Vyumba hivyo vilifunguliwa wananchi wavione mwaka 2003. Baadhi ya waliopitia humo walikwenda mahakamani wakashinda na kuamuriwa walipwe fidia. Lakini wale waliomwaga maji, wengi wao walihamishwa, wakapandishwa vyeo, wakastaafu, wakaagwa kwa hotuba.

Kijana alinyamaza. Alizaliwa wakati vyumba vimekwisha kufunguliwa, na kwake yeye jumba lile ni mahali pa kuchukulia pasipoti basi. Baada ya kitambo akaniuliza, "Sasa mjomba, wewe ulikuwa wapi wakati huo?"

Ningeweza kumjibu kwamba nilikuwa kijana. Ningeweza kumwambia kwamba sikujua, na hilo lingekuwa nusu ya ukweli, maana jina la jumba lile lilinong'onwa katika matatu, na mtu akiingia tuliyemshuku tulibadilisha mazungumzo tukaanza kusema habari za mpira. Nilikuwa Kangemi, nikamwambia. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mwenye nyumba, nikitazama Derrick. Nilipita mbele ya jumba hili mara mbili kwa siku nikienda na kurudi kutoka kazini, na nilikuwa nimejifunza kutoliangalia.

Hakunihukumu. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeandika jambo moyoni, na foleni ikasogea hatua mbili. Ndipo nilipofahamu kilichoniudhi katika kipindi kile. Swali lenyewe si gumu hivyo. Huulizwa kwa maneno manne au matano, na mtoto wa dadako, wala halihitaji teke mlangoni. Mzee ambaye ameulizwa na akajibu haondoki na cheo, lakini anaondoka akiwa mwepesi. Horst Tappert alikuwa na vipindi 281 na hakuna aliyempa nafasi hiyo. Wako wazee wetu, katika nyumba zenye ua mzuri kule Lavington na Karen na katika mashamba ya mashambani, ambao nao wanaingoja. Basi enyi wapwa na wajukuu, pigeni hodi, ketini, muwaulize kwa upole kabla hatujawasomea wasifu makaburini.