Ukienda Expo ya Gikondo, fikiria kitabu cha picha za familia



Kila mwaka kiangazi kikishika, habari za Expo zinaanza kuzunguka kambini. Ni yale maonyesho ya biashara ya kimataifa yanayoandaliwa na PSF, shirikisho la sekta binafsi la Rwanda, kwenye uwanja wa Gikondo pale Kigali. Mwaka 2024 yalikuwa ya 27, kuanzia mwisho wa Julai mpaka katikati ya Agosti. Wengi wanaokwenda wanazunguka tu, wanakula brosheti, wanaangalia televisheni kubwa ambazo hawatazinunua, jioni wanarudi na soksi za watoto. Si vibaya. Lakini nauli ya kutoka kambini ni pesa nyingi, na tangu msaada wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2021 kila franga ina kazi yake. Basi afadhali mtu aende na shabaha.

Sisi tunapendekeza shabaha moja: vitu vya kutengeneza kitabu cha picha za familia, na ufundi wa kukitengeneza.

Huko Marekani kuna watu wanaokutana kwa mamia, siku mbili tatu, kwa kazi hii tu ya kubandika picha na kuandika kando yake. Wanafundishana, wanauziana karatasi na mikasi. Huku kwetu mkutano kama huo haupo. Lakini Gikondo, mahali pamoja, utakuta wauza karatasi, washonaji, wasusi wa vikapu, wapiga picha na mafundi wa kila namna, na wengi wao wanafanya kazi mbele ya macho yako.

Mtu atauliza: picha zina haraka gani wakati unga umekwisha? Tujibu hivi. Kambi ya Kiziba ilifunguliwa mwaka 1996. Watoto waliozaliwa pale sasa ni wazazi. Wamesikia Masisi, wamesikia Rutshuru, lakini nyumba ya babu hawajaiona hata kwa picha. Na picha zile chache tulizotoka nazo, ndani ya Biblia au kwenye fundo la kitenge, zimeshikana kwa unyevu, pembe zimeliwa. Baya zaidi, anayejua majina ya waliomo ni bibi peke yake. Bibi akiondoka, picha inabaki na watu sita wasio na jina.

Wengine waliliona hili kabla yetu. Uganda, miaka ya 1990, akina mama wa chama cha NACWOLA walioishi na virusi vya UKIMWI waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo unatoka wapi, baba alikuwa mtu gani, mtoto alipozaliwa ilikuwaje. Na pale Gisozi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya kimbari uliofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba cha picha za kawaida kabisa, za harusi, za shule, zilizoletwa na familia. Ukisimama mle unaelewa picha moja ina uzito gani.

Kabla ya kutoka kambini

Ruhusa na kitambulisho kwanza, hilo mnalijua. Halafu usibebe picha za asili. Zipige kwa simu, hata kama simu ni ya jirani, ubebe simu. Nyabugogo ni Nyabugogo, mfuko unaweza kupotea kabla hujapanda gari la Gikondo. Ukitaka kumwonyesha fundi ukubwa wa picha, kata karatasi za kipimo kilekile uende nazo.

Chagueni siku vizuri. Agosti ina sikukuu mbili ndani ya msimu huo, Umuganura siku ya Ijumaa ya kwanza na Asomsio tarehe 15, na siku hizo watu wanajaa mpaka hupati nafasi ya kumuuliza fundi swali. Siku ya kazi, asubuhi, ndiyo nzuri. Siku za mwisho wauzaji wengine wanashusha bei wasirudi na mizigo, ila vitu vizuri vinakuwa vimechaguliwa. Kama unafuata kujifunza, nenda mapema. Kama unafuata bei, ngoja.

Ukienda na mtoto, mwandikie namba ya simu kwenye karatasi uitie mfukoni mwake, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipoteana. Muziki wa pale ni mkubwa, kuita jina hakusaidii.

Mle ndani

Mzunguko wa kwanza usinunue kitu. Jamani, hili ni gumu, tunajua! Tembea, uliza bei, andika kwenye kaye. Mzunguko wa pili ndiyo unafungua mkoba.

Tafuta wanaotengeneza kadi za majani makavu ya mgomba. Angalia wanavyoyakata na kuyapanga. Mgomba hata kambini upo, kwa hiyo hapo unanunua ufundi, hununui jani. Nunua kadi moja kwanza, halafu uliza. Fundi aliyeuza anaongea, asiyeuza anachoka na maswali. Simama pia kwenye imigongo, ile sanaa ya samadi ya ng'ombe yenye pembe pembe nyeusi, nyeupe na nyekundu. Asili yake ni Kirehe, wilaya ileile ya kambi ya Mahama. Michoro yake mtoto anaweza kuichora kwa penseli pembeni mwa ukurasa ikapendeza sana. Kwa jalada, kipande cha kitenge juu ya katoni ngumu kinatosha. Albamu za dukani zinazong'aa tuziache. Nyingi zina karatasi ya plastiki inayoshika unyevu na kung'ang'ania picha, ukitaka kuitoa inachanika.

Vya kununua hasa ni karatasi nene isiyong'aa, uzi mgumu, sindano kubwa na penseli laini. Basi. Skochi usinunue kwa kazi hii: baada ya miaka michache inakuwa ya njano na kuacha doa. Gundi ya unga nayo inaita mende. Njia bora ni kukata vipande vinne vidogo vya karatasi, kuvikunja kama pembe na kuvibandika kwenye ukurasa, kisha picha inachomekwa ndani bila kuguswa na gundi. Siku ofisi ikihitaji picha ile, unaitoa na kuirudisha. Na usikubali mtu akufungie picha ya asili kwenye plastiki ya moto. Inaonekana imepona, kumbe haitatoka tena humo. Fotokopi ndiyo ifungwe.

Jambo la mwisho la Gikondo ni namba za simu. Waliosuka, walioshona, waliouza karatasi, omba namba zao. Familia tano zikichanga na kuagiza karatasi pamoja, bei inakuwa nyingine kabisa, na hakuna haja ya kila mtu kupanda gari.

Mkirudi

Msingoje kitabu kiwe kizuri. Jioni ileile kaeni na mzee wa nyumba, mfungulieni picha moja moja, na mtoto anayejua kuandika aandike kwa penseli: huyu nani, wapi, mwaka gani, nani aliipiga. Mzee akisahau mwaka, muulizeni ilikuwa kabla au baada ya harusi ya fulani. Asiye na picha hata moja naye ana kurasa zake: achore ramani ya kijiji, nyumba, kisima, mti wa maembe, njia ya shule, na majina ya majirani waliokuwa kila upande. Kisha kitabu kifungwe ndani ya kitambaa, kiwekwe juu, mbali na ukuta unaovuja na mbali na jiko, na picha za simu zitumwe kwa ndugu aliye nchi nyingine ili nakala iwe sehemu mbili.