Kutu Kwanza, Kitanda Baadaye

Haisi iliyochoka kubeba abiria siku hizi hupata maisha ya pili. Mwenyewe anang'oa viti, anaweka kitanda, jiko la gesi na dumu la maji, kisha anashika njia ya Lushoto au Mikumi bila kutafuta nyumba ya wageni. Wazo ni zuri, tatizo ni mpangilio wa kazi. Wengi huanza na mbao na magodoro, kutu wakamwachia fundi rangi aifunike mwishoni. Mbao zikishapigiliwa, kutu iliyo nyuma yake haionekani tena, na gari la kulala lina unyevu mwingi kuliko daladala.

Unyevu huo hauji na mvua peke yake. Watu wawili wakilala madirisha yamefungwa, pumzi na jasho lao hujaza mvuke humo ndani, na bati likipoa alfajiri mvuke hugeuka matone. Jiko nalo lina mchango wake: kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Kioo utakifuta asubuhi, lakini bati lililo nyuma ya mbao nani atalifuta? Kutu haidai zaidi ya chuma, hewa na maji; chumvi huiharakisha tu. Kwa hiyo gari lililokaa miaka Tanga au Mombasa karibu na bahari, au lililotoka upande wa Japani wenye theluji kama Hokkaido, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi, likague bila haraka.

Toa kila kitu ndani, hadi zulia. Pitia ukingo wa chini wa kioo cha mbele, mfereji wa maji pembeni mwa paa kwa haisi za zamani, matao ya magurudumu, reli ya mlango wa kuburuta na vizingiti vya milango. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana rangi huvimba malengelenge. Lengelenge la ukubwa wa sarafu huweza kuficha uozo wa upana wa sahani. Pitisha sumaku: isiponata, hapo pana pati nene. Kisha sukuma kwa bisibisi. Ikizama, bati limekwisha.

Hapo ndipo mafundi hutofautiana. Fundi wa harakaharaka atajaza tundu kwa pati au nyuzi za faiba, apige msasa na rangi, na gari litapendeza mpaka masika yajayo. Pati hunyonya maji, na upande wa pili wa bati kutu inaendelea kula bila bughudha. Kutu ya juujuu, ambayo haijatoboa, unaweza kuisugua kwa brashi ya waya na kuimalizia kwa dawa yenye asidi ya fosfori, inayogeuza mabaki kuwa kitu kisichoendelea kula chuma. Lakini dawa hiyo haipenyi magamba mazito, wala haizibi tundu, hata muuzaji aseme nini.

Bati lililooza hukatwa, kama daktari wa meno anavyochimba hadi kwenye jino zima. Kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa pande zote mbili, kisha tengeneza kiraka cha unene uleule. Bati la bodi kwa kawaida lina milimita 0.7 hadi 0.8. Mashine ya vijiti hulitoboa kirahisi, hivyo tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, na waya wa milimita 0.6 unafaa. Achomelee nukta moja hapa, nyingine mbali, bati lipoe kati yake, la sivyo litapinda. Kazi hii ifanyike kabla sponji yoyote haijaingia garini: ikishika moto hutoa moshi wenye sumu.

Chuma kikiwa kitupu, kipakwe siku hiyohiyo. Hewa ya pwani ikikilaza usiku mmoja, asubuhi utakikuta kimeanza wekundu. Tumia praima ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili. Praima ya kawaida ina vinyweleo. Gari likikaa nayo miezi bila rangi, maji hupenya na umerudi ulikoanzia. Baada ya praima, ziba viungio vyote kwa sila ya bodi. Usitumie silikoni inayonuka siki; ile siki ni asidi, nayo hushambulia chuma. Mwisho nyunyizia nta ndani ya vizingiti na nguzo. Oili chafu tunayopenda kupaka chini ya gari huzuia maji kwa muda, lakini hulainisha raba na inakuwa adui wa rangi utakayotaka kupaka baadaye.

Zipo pia kutu unazojitengenezea mwenyewe. Ukikata tundu la dirisha au feni ya paa, ukingo huo ni chuma kitupu. Upake praima kabla ya kufunga fremu, na ufagie chenga zote za grenda, maana kila chenga iliyobaki itaacha doa la kutu. Vitundu vilivyo chini ya milango na vizingiti vimewekwa ili maji yatoke. Povu la kunyunyizia likiviziba, umegeuza kizingiti kuwa kisima.

Kuna gari ambalo halistahili fedha hizi. Uozo ukiwa umefika kwenye chesi, kwenye maungio ya springi au pale mikanda ya usalama inapofungwa, mimi ningetafuta gari lingine. Kwa mengine, kubaliana na fundi kwamba malipo ya pili yatatolewa baada ya wewe kuliona bati jipya kabla halijapakwa chochote. Akikataa masharti hayo, tafuta fundi mwingine.